SOMO: SAMAKI MWENYE MAYAI NA SHERIA YA MAMA

Usomaji: Mwanzo 1:20-23, Kumbukumbu la Torati 22:6-7, Mathayo 17:24-27

Somo hili tumelitoa kwa ajili ya kanisa zima, si kwa ajili ya wavuvi tu. Tunajua wengine watasema: mimi nakaa Butembo, nauza vitenge, sijashika wavu tangu kuzaliwa, neno hili lanihusu nini? Tunaomba wasome mpaka mwisho, kwa maana inawezekana kwamba linawahusu wao kuliko yule anayelala ndani ya mtumbwi.

Tukisoma Mwanzo sura ya kwanza tunapenda kukimbilia siku ya sita, siku ya mtu. Lakini siku ya tano ina jambo ambalo wengi wanalipita. Baraka ya kwanza kabisa iliyoandikwa katika Biblia haikutolewa kwa mtu. Ilitolewa kwa viumbe vya majini na kwa ndege. Mungu aliwapa nguvu ya kuzaliana hata maji yajae, na mtu alikuwa bado hajaumbwa. Basi samaki anapokwenda kutaga, anatii neno alilopewa kabla yetu. Anayemkamata mahali pale na saa ile amesimama katikati ya baraka na mwenye kubarikiwa.

Sheria ya Musa inalisema jambo hilo kwa mfano wa ndege. Mtu akikuta kiota njiani, juu ya mti au chini, na mama amelalia mayai au makinda, asichukue mama na watoto pamoja. Makinda anaweza kuchukua, lakini mama amwache aende zake. Tazameni hekima iliyomo. Mungu hakukataza kula. Alijua kwamba msafiri ana njaa. Alichokataza ni kula chakula cha leo na cha kesho kwa mkono mmoja. Na sheria hiyo ndogo, ambayo watu wengine wanaicheka, imefungwa pamoja na ahadi ileile ya amri ya kuheshimu baba na mama: kufanikiwa na kuishi siku nyingi. Sheria zenye ahadi ya namna hiyo si nyingi.

Katika kanisa letu tuko wakali kwa sheria ya magamba. Kambale haingii katika sufuria ya mwamini, wala mamba yule samaki anayefanana na nyoka, kwa sababu ya Walawi 11. Ni vizuri, hatupingi. Lakini Walawi 11 tunaishika kwa meno, na Kumbukumbu la Torati 22 tunaiacha sokoni. Mama anageuza tilapia mara mbili tatu aone kama ana magamba na macho mazuri, ila hamtazami tumbo wala urefu wake. Magamba anayo, basi anaingia kikapuni.

JINSI TILAPIA ANAVYOZAA

Yafaa tujue kwanza kazi ya Mungu ilivyo, ndipo tuzungumze juu ya dhambi. Tilapia wa Ziwa Edouard, ambaye ng'ambo ya Uganda wanamwita ngege, hatagi mahali popote. Dume anakwenda kwenye maji mafupi karibu na pwani, penye mchanga au matope laini, naye anachimba kwa mdomo na mapezi shimo la mviringo kama sahani. Analilinda shimo lake na kuwafukuza madume wengine. Jike anakuja, anataga mayai mle ndani, kisha anayaokota yote na kuyatia kinywani mwake. Mayai yanaanguliwa humohumo kinywani. Kwa muda wa siku kumi hivi hadi wiki mbili anatembea na watoto kinywani, na kwa muda huo wote hali kitu au anakula kidogo sana. Hata wakianza kuogelea wenyewe, hatari ikitokea wanamrudia mama na kuingia kinywani tena.

Angalieni jambo moja hapa, kwa sababu linatenganisha uvuvi na uharibifu. Kwa kuwa mama huyo hali, ni vigumu kumkamata kwa ndoana. Ndoana yenyewe inamheshimu mama. Lakini wavu hauulizi kama samaki ana njaa. Wavu unaokokotwa juu ya mazalio unachukua dume aliye juu ya shimo lake, unafukia mashimo yote, na unamchukua mama aliyebeba watoto. Naye mama akishikwa na woga anatema vyote. Mayai ya manjano mnayoyaona wakati mwingine chini ya mtumbwi, yakiwa yamekanyagwa pamoja na maji machafu, hayo yangekuwa samaki wa mwaka utakaokuja. Kila mama ana mamia ya mayai.

Kambale ana desturi nyingine. Hana shimo wala hakai na watoto. Anangoja mvua. Mito inapojaa, mwezi wa tatu na tena kuanzia mwezi wa nane au wa tisa, maji yanapanda juu ya majani, na usiku kambale wakubwa wanaingia katika majani yale, hata mahali ambapo mgongo unaonekana nje ya maji. Jike mmoja mkubwa anaweza kumwaga makumi ya elfu ya mayai, akarudi ziwani kabla maji hayajashuka. Usiku ule hana akili ya kukimbia. Mtoto mwenye panga anaweza kumuua. Na kwa kuwa sisi hatumli, wengine wetu wanadhani hakuna neno wakimwuzia mtu wa kanisa lingine. Sheria ya mama haikuuliza kama ndege yule ni safi au najisi.

MAZALIO YETU YAKO WAPI

Ziwa Edouard lina kilometa za mraba zaidi ya 2,300 hivi, na zaidi ya thuluthi mbili ziko upande wa Kongo. Mtu akisimama juu ya mlima wa Lubero akaona maji yale yote, anafikiri samaki hawawezi kwisha. Lakini upande ule wa magharibi, chini ya milima, kina ni kirefu sana, kinapita metre 100. Tilapia hachimbi shimo huko. Mahali anapoweza kuzaa ni pachache: ghuba zenye maji mafupi, midomo ya mito kama Rutshuru na Rwindi, na kandokando ya Ishango ambapo mto Semliki unatoka ziwani. Watu wa pwani wanapaita frayeri, kwa neno la Kifaransa. Ukiharibu frayeri chache, umeharibu ziwa zima, kama vile mtu anayechoma ghala ya mbegu hana haja ya kuchoma shamba.

Ndiyo sababu sheria ya nchi inapakataza mahali hapo. Sehemu yote ya ziwa iliyo upande wetu imo ndani ya Parke ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, wakati ule ikiitwa Parke Albert. Vituo vya uvuvi vinavyotambuliwa na sheria ni vitatu: Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma. Wavuvi wa vituo hivyo wanatakiwa kutumia nyavu zenye macho yasiyopungua inchi 4 na nusu, ili tilapia mdogo apite, na wasiingie frayeri. Sheria hizi si za jana. Wazee wetu walizikuta tangu enzi za Wabeleji, na wakati wa ushirika wa wavuvi zilishikwa kwa nguvu sana.

Tunayoyaona leo kila mtu anayajua. Nyavu za kukokota. Mustikere zilizotolewa na serikali na wafadhili ili kuwakinga watoto na malaria, zimeshonwa pamoja na kuwa nyavu za kukokotea watoto wa samaki. Na zile nyavu za uzi mmoja wa plastiki ambazo ndani ya maji hazionekani. Ni za bei ndogo, zinakatika upesi, na zikikatika zinabaki chini zikiendelea kuua samaki ambao hakuna atakayewala. Katika masoko ya Butembo na Beni tilapia anayetosha kiganja cha mkono anauzwa kwa fungu, na watoto wetu wanakua wakidhani hicho ndicho kimo chake.

Kuna jambo jingine la kusema, ingawa linatoka kidogo nje ya somo. Viboko nao ni sehemu ya chakula cha samaki, kwa maana wanakula majani nchi kavu usiku na kuacha mavi majini mchana, na maji yale yanakuwa na uhai. Katika miaka ya 1970 walihesabiwa viboko karibu 29,000 katika Virunga. Kufika mwaka 2005 walikuwa chini ya 1,000, baada ya wenye bunduki kuwaua kwa ajili ya nyama na meno. Mtu anayeuliza kwa nini samaki wamepungua asisahau hilo.

«BABU ZETU WALIVUA HIVYO»

Neno hili tunalisikia mara nyingi kutoka kwa vijana wa pwani, na si neno la kudharau. Wanasema: babu zetu walikamata kambale wakati wa mafuriko, na ziwa halikuisha, kwa nini leo iwe dhambi?

Ni kweli, walivua hivyo, na ushahidi uko ardhini mwetu wenyewe. Mahali panapoitwa Katanda, kando ya Semliki, si mbali na Ishango, wataalamu walichimba katika miaka ya 1980 wakapata vichwa vya mikuki ya mfupa vyenye meno kama ya msumeno, vilivyochongwa kwa ustadi, pamoja na mifupa ya kambale wakubwa. Wanahesabu kwamba vitu hivyo vina miaka 80,000 au zaidi. Hatutaki ugomvi na mtu juu ya hesabu ya miaka, Mungu anaijua. Lakini kwa kuwa mifupa ile ni ya kambale wazima, wakubwa, si ya wadogo, wataalamu wanafikiri kwamba watu wale walikuja mtoni katika majira ya kuzaa, wakawachoma kambale katika maji mafupi.

Basi kijana wa Kyavinyonge ana haki ya kusema kwamba desturi hii ni ya zamani kuliko makanisa yote. Lakini atazame pia chombo walichotumia. Mkuki wa mfupa unachukua samaki mmoja. Mtu anachoma, anavuta, anatoa, anatengeneza tena. Na mafuriko yanapita kwa siku chache tu. Watu walikuwa wachache. Kwa kila kambale aliyechomwa, wengi walitaga na kurudi. Leo anafunga mdomo wa mto kwa wavu, ukingo mpaka ukingo, na hata mmoja hapiti. Kumlinganisha mtu wa mkuki na mtu wa wavu huo ni kama kumlinganisha mtu aliyechukua yai moja kiotani na mtu aliyekata mti.

Kama kuna anayetaka kuona mwisho wa njia hiyo, atazame Ziwa Victoria. Huko kulikuwa na samaki anayeitwa ningu, ambaye mvua zikinyesha alipanda mitoni kwa makundi makubwa kwenda kutaga, katika Nzoia ya Kenya, katika Kagera na mito mingine. Watu walimla vizazi na vizazi kwa mitego ya fito. Kisha nyavu zikatandazwa midomoni mwa mito, zikapokea majike yenye mayai yakiwa yanapanda. Kufika miaka ya 1960 uvuvi wa ningu ulikuwa umeanguka, na mpaka leo haujarudi kama ulivyokuwa. Vita haikuwa sababu. Walifunga mlango wa chumba cha kuzalia, basi.

Na jirani zaidi yetu, katika Ziwa George la Uganda ambalo maji yake yanaingia katika Edouard kwa mfereji wa Kazinga, ngege wa wastani aliyevuliwa mwaka 1950 alikuwa na uzito wa karibu gramu 900. Miaka ishirini baadaye alikuwa karibu gramu 400. Samaki akiwindwa mno anaanza kuzaa akiwa bado mdogo, kama binti anayeolewa kabla ya wakati, na ukoo wote unakuwa mfupi.

NJAA NA BUNDUKI

Wengine hawasemi juu ya babu. Wanasema juu ya njaa, na neno hilo ni zito zaidi. Tangu mwaka 2014 mauaji ya Beni yamewatoa watu wengi mashambani. Mtu aliyekuwa na kakao na mihogo huko Mbau au Eringeti ameshuka ziwani na watoto wake, hana shamba, hana kazi, atafanya nini? Tena Vitshumbi yenyewe iliingia mikononi mwa M23 mwaka 2024, na wavuvi wengi walikimbia. Upande wa pili, askari wa majini wa Uganda wamewakamata mara nyingi wavuvi wetu kwa kuvuka mpaka ambao hauna alama juu ya maji. Mvuvi akikwepa mpaka na kuogopa maji ya katikati, mahali palipobaki karibu ni frayeri.

Tena tunajua kwamba wako wenye bunduki, wa kila rangi ya nguo, wanaouza usiku njia ya kuingia mahali palipokatazwa mchana. Mvuvi analipa, anaingia. Na kesho yake anaambiwa ni mwivi. Hilo linatia uchungu. Lakini tusiseme kwamba wote ni hivyo, kwa maana walinzi wa Virunga zaidi ya 200 wamekufa kazini katika miaka hii ya vita, na wengi wao ni watoto wa nchi hii, wana mama wanaowalilia.

Basi tunasema nini kwa mwenye njaa? Tunasema neno lilelile ambalo sheria ilimwambia msafiri: kula, lakini mwache mama. Kumwachia mwenye njaa avunje frayeri si huruma, kwa maana yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kukosa. Mwenye duka Butembo, samaki wa Edouard wakiisha, atanunua wa barafu wanaotoka mbali. Mkimbizi wa Kyavinyonge atanunua kwa nini?

Jambo hili lilifika mbele ya baraza la mashemasi kwa njia ya zaka. Ndugu mmoja wa pwani, mtu mwaminifu wa maombi, alileta kikapu cha tilapia mwanzoni mwa mvua. Mama waliopokea sadaka walipowapasua wakakuta karibu wote ni majike yenye mayai, na wengine hawafiki shubiri. Mama mmoja akauliza kwa adabu, «Baba, samaki hawa wametoka wapi?» Naye hakuficha, akasema wametoka frayeri, na kwamba alitoa fungu la kumi la vyote alivyopata usiku ule, kama alivyofundishwa.

Baraza lilikaa siku mbili. Wengine walisema zaka ni zaka. Wengine walikumbusha Kumbukumbu la Torati 23:18, kwamba yako mapato ambayo hayaingii katika nyumba ya Bwana hata kama mtoaji ana nia njema. Mwishoni tulikubaliana hivi: samaki waliotoka katika mazalio hawatapokelewa tena kuwa zaka wala sadaka, wala hawatapikwa kwa ajili ya wageni wa kanisa, hata siku ya mkutano mkubwa. Lakini ndugu yule hakutengwa na hakuaibishwa mbele ya watu. Kwa maana tulipomwuliza wavu ni wa nani, alijibu kwamba si wake.

MWENYE WAVU ANAKAA MJINI

Hapa ndipo tunaomba ndugu zetu wafanyabiashara watusikilize. Mara nyingi mvuvi hana kitu. Wavu, mota na mafuta vinatolewa na mtu wa mjini kwa mkopo, naye mvuvi atalipa kwa samaki, kwa bei anayoipanga mwenye mkopo. Mwenye mkopo hataki kujua upepo ulikuwa namna gani. Gari linaondoka Jumanne, samaki wawepo Jumanne. Ziwa likinyima, mvuvi anakwenda mahali ambapo anajua kwamba hatakosa. Akikamatwa, wavu unachomwa, naye anafungwa. Akitoka gerezani deni liko palepale na wavu mpya juu yake. Yule wa mjini hakulowa hata miguu. Siku ya Jumamosi anasali mstari wa mbele, amevaa joho jeupe.

Hatusemi kwamba kukopesha wavu ni dhambi. Tunasema kwamba yule anayenunua wavu wa macho madogo dukani, akijua unakwenda wapi, huyo ndiye mvuvi wa frayeri, na yule wa mtumbwini ni mkono wake tu. Mwamini anayekopesha nyavu apime macho kwa kipimo kabla ya kulipa. Asiweke siku ya kulipa deni katika wiki za kwanza za mvua. Na wavu wa halali ukiibiwa au kukatwa na kiboko, asimdai mvuvi yote, wagawane hasara kama walivyokuwa wakigawana faida. Bila hilo, mahubiri yetu huko Kyavinyonge ni kelele.

Mama wanaouza na wanaonunua wana nguvu kuliko wanavyofikiri. Samaki asiyefika shubiri ya mtu mzima, usimnunue hata kama ni rahisi. Mara nyingi hajazaa hata mara moja. Tumbo likiwa limevimba kwa mayai wakati wa mvua, mwulize muuzaji alikotoka. Hata asipokujibu kweli, atapeleka habari pwani kwamba watu wa mji wameanza kuuliza.

MITO YA KARIBU NA NDOANA

Sehemu hii ni ya vijana wa Beni, Mangina na vijiji vya bonde. Kuna mmea wa Tephrosia, ule ambao watu wanaupanda kando ya shamba kufukuza fuko. Majani yake yakipondwa na kutiwa mtoni, samaki wanashindwa kupumua na kuelea, wakubwa na wadogo pamoja. Siku hizi wengine hawapondi majani, wanamwaga dawa ya kuulia wadudu ya kakao au ya nyanya. Hiyo ni mbaya mara mbili, kwa sababu watu wa chini ya mto wanachota maji yale, na anayemla samaki yule anakula dawa. Mama zetu wa zamani walifunga kijito na kukomba maji wakati wa kiangazi, maji yakiwa machache na samaki wakiwa wamekwisha kuzaa. Hawakufanya hivyo mvua zikianza. Walikuwa na akili.

Ndoana tunaisifu. Bwana wetu alipohitaji kulipa kodi yake na ya Petro, hakumtuma Petro achukue chombo na nyavu zake zote, ingawa alikuwa mvuvi wa kazi. Alimtuma na ndoana moja kwa samaki mmoja, kwa maana haja ilikuwa ya watu wawili. Kijana mwenye fimbo na mnyoo amefanana na Petro siku ile. Lakini hata yeye awe na adabu. Asivue palipo na mashimo ya tilapia, kwa sababu dume anayelinda shimo atauma ndoana kwa hasira, si kwa njaa, na shimo litabaki bila mlinzi. Akipata samaki mdogo au jike lenye watoto kinywani, alowanishe mikono kwanza, maana mkono mkavu unavua ute unaokinga ngozi ya samaki. Amtoe ndoana polepole, amshike majini akielekea mkondo mpaka ajivute mwenyewe. Asimtupe kama jiwe. Semliki ndani ya Parke asiende, ni marufuku, tena mamba na kiboko hawajui kwamba yeye ni mwimbaji wa kwaya.

MABWAWA

Wazee wameuliza kama waamini wenye mabonde wanaweza kuchimba mabwawa ya samaki ili mji usitegemee frayeri. Inafaa, ila wasidanganyike kwamba ni kazi nyepesi. Butembo iko juu sana na maji yake ni baridi; tilapia ataishi humo, lakini atakua polepole. Mabonde ya Beni, Mangina na Oicha yana joto zaidi. Na katika bwawa shida inageuka: tilapia anazaa mno, kuanzia miezi michache tu, bwawa linajaa watoto wasiokua. Humo ni lazima kuwapunguza, na wengine wanatia kambale wachache ili wawale watoto. Mtu asiseme basi sheria ya mama imevunjwa. Bwawani wewe ndiwe mchungaji, unahesabu kundi lako. Ziwani kundi si lako.

Ndugu wanaotaka kuanza waje katika kikao cha mashemasi Jumamosi ijayo baada ya ibada, kila mmoja na udongo kidogo wa bonde lake, uliochimbwa kwa kina cha magoti. Tutaulowanisha na kuufinyanga kama mpira, kisha kuuangusha chini. Ukishikana bila kupasuka, bonde hilo litashika maji. Ukisambaratika, mwenye bonde apande mpunga au taro, na asitumie pesa zake kwa bwawa.